Mzee wa Laini na Mabawabu Wake Wawili

Mzee wa Laini hakuwahi kunisifia, na mimi ni mtu ninayesifiwa. Nasifiwa kanisani, nasifiwa benki, nasifiwa kwenye vikao vya harusi za watu nisiowajua vizuri. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, nikaanza maisha kwa kusukuma mkokoteni wa nyanya mitaa ya Levolosi, na leo ukikuta maharage machanga yametoka Usa River kwenda kupanda ndege, uliza yalilala wapi. Yalilala kwangu. Vile vyumba vya baridi vyeupe unavyoviona ukielekea Moshi ni vyangu, na malori ya bluu yaliyopangwa mbele yake ni yangu. Wageni wa mashamba ya maua wamewahi kusimama pale kupiga picha. Yeye, siku nilipomtembeza mara ya kwanza, aliangalia kila kitu, akagusa ukuta kwa kiganja, akanusa hewa, akasema, "Huu mlango unafungukia upande mbaya."

Basi. Hakuongeza. Na ulikuwa unafungukia upande mbaya kweli, nikauvunja.

Alikuwa fundi wa simu za waya enzi zile simu inakaa mezani na kitambaa juu yake. Alipanda nguzo kama mtu anayepanda ngazi ya kwake, mkanda kiunoni, na Levolosi wakampa jina hilo la Mzee wa Laini hata kabla hajawa mzee. Nilipofungua duka langu la kwanza nikavuta simu, na nilihakikisha kila anayepita anajua. Ikaanza kukoroma. Akaitwa. Akasikiliza, akaniambia nipige kwa mtu yeyote niongee, nikapiga. Akaichukua mkononi mwangu taratibu na kuirudisha mahali pake.

"Simu haina shida," akasema. "Wewe ndiye unayepiga kelele mno."

Nilimpa soda, akaikataa. Nikajiambia huyu mtu ana dharau. Lakini tangu siku hiyo simu yangu haikukoroma tena, nami sikumwita fundi mwingine kwa kitu chochote chenye waya.

Waya zilipokufa na kila mtu akaweka simu mfukoni, wenzake walirudi kulima. Yeye akaanza kuokota kompyuta zilizotupwa na maofisi ya mjini, akazifungua mezani kwake kama mtu anayechambua mchele. Alijifunza peke yake. Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma tu, hakukiongea, na nilimpendea hilo kwa sababu changu hakipo kabisa. Cha ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeweza kuifanya mashine ya Usa River izungumze na simu iliyoko popote duniani, mwenyewe alitembea na kasimu kale ka tochi, kamefungwa raba kasipasuke. Ukimuuliza kwa nini hanunui kubwa, anasema, "Ya kumpigia nani?"

Kulikuwa na neno moja ambalo ukilitaja mbele yake umeharibu siku. Neno lenyewe ni imegoma. Sisi wote tunasema imegoma. Gari imegoma, pampu imegoma, kompyuta imegoma. Yeye alikuwa anaweka kikombe chini.

"Imegoma? Ina madai gani?"

Wafanyakazi wanacheka, yeye hacheki.

"Nauliza, kabla haijanyamaza ilisema nini?"

Kama hukusoma maandishi yaliyotokea kwenye kioo, hakusaidii. Anakaa, anakunywa chai yake ya rangi isiyo na sukari, anakungoja urudi ukasome. Meneja wangu mmoja aliwahi kumjibu kwamba imesema kuna hitilafu. "Hitilafu ni jina la ukoo," akaambiwa. "Nataka jina lake yeye mwenyewe." Na hakuna aliyeruhusiwa kuzima mashine na kuiwasha ili ipone. Alisema ukizima umemfukuza shahidi. Koti lake la mvua alilivaa hata kiangazi, na alipokuwa anafikiri alikuwa anafunga vifungo vyake vyote mpaka shingoni, kisha anavifungua vyote, na hapo ndipo unajua jibu limepatikana. Mimi nilikuwa naangalia vifungo. Kompyuta sikuiangalia.

Kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Baada ya ibada, kwetu mazao ya sadaka hupigwa mnada pale nje, ndizi, mayai, kuku, na mimi mnadani najulikana. Siku moja nilikuwa napandisha bei ya kuku mmoja mwekundu, nashindana na daktari fulani, watu wanapiga makofi, mchungaji anacheka hadi meno ya nyuma. Ghafla nasikia sauti yake huko nyuma, wala hakuipandisha: "Mangi, huyo kuku hakujui." Watu waliangua kicheko mpaka daktari naye akacheka. Mangi ndivyo watu wa huku wanavyotuita sisi Wachaga wenye maduka, wengine kwa heshima, wengine kwa utani. Yake sikuwahi kujua ni ipi. Kuku nilimnunua.

Sasa niseme juu ya mfumo, maana ndio uliotufunga pamoja.

Mkulima akileta kreti zake kwangu, kila kreti inapewa namba, na mashine inakumbuka namba hiyo ni ya nani, ya shamba lipi, imechumwa lini. Bila hiyo, kreti ni kreti tu. Mnunuzi wa nje hapokei kreti isiyo na lebo inayosema imetoka wapi. Alikuja kijana wa mauzo kutoka Dar, suti nzuri, akaniambia niweke kumbukumbu zangu zote kwenye mashine zao zilizoko huko ng'ambo, nisijisumbue na kitu. Nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kukubali. Mzee wa Laini akamuuliza, "Waya wa baharini ukikatika, maharage ya mkulima kama Mama Anna yatakuwa ya nani?" Kijana akaanza kueleza. "Nimeuliza yatakuwa ya nani," akarudia.

Mimi ni mtu wa kumiliki. Nikasema mashine zikae kwangu, chumba changu, umeme wangu, kufuli langu. Akazijenga.

Na alinieleza kwa namna ambayo mtu wa la saba anaelewa. "Kwako mgeni akija anafanyaje?"

"Anapiga hodi."

"Kwa nani?"

"Kwa mlinzi, getini."

"Mlinzi akija ndani anakwambia nini? Kuna mgeni, basi?"

"Aa, hapana. Anasema ni fulani, katoka mahali fulani, yuko geti kubwa au geti dogo."

"Umeona. Na mashine iwe hivyohivyo."

Basi akaweka bawabu. Hakuna mtu wa nje anayezungumza moja kwa moja na ghala la kumbukumbu. Anapiga hodi kwa bawabu, bawabu anaingia ndani kuuliza, anarudi na jibu. Kisha akaweka bawabu wa pili, wa chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma ni ukurasa wa msimamizi, ule ambao ukiingia unaliona ghala lenyewe na unaweza kunyoosha kilichopinda kwa mkono wako. "Bawabu wa kwanza ni wa kila mtu," alisema. "Wa pili ni wa mimi na wewe."

Mtu huyohuyo, nyumbani kwake, njia ya Momela, mlango ulikuwa unafungwa kwa kamba ya katani. Nilimtania mara nyingi: maharage yangu yana mabawabu wawili, mkeo ana kamba. Alikuwa anasema kwake hakuna cha kuibwa.

Na mtu huyohuyo aliyetaka kila kreti ya kila mkulima iandikwe, yeye hakuandika chochote. Mpangilio wote ulikuwa kichwani mwake. "Niandikie, mzee," nilimwambia, tena zaidi ya mara moja. "Nikiandika utanifukuza," akajibu. Nilidhani anatania. Labda alitania. Lakini kuanzia hapo nilijua kwamba nina malori, nina vyumba, nina walinzi na mbwa, na ufunguo wa kitu kinachofanya vyote hivyo viwe na maana uko ndani ya koti la mvua la mtu mwingine. Huwezi kumfukuza mtu kama huyo. Huwezi hata kumgombeza vizuri.

Kisha mke wake akaanza kusahau. Mwanzoni sufuria, baadaye njia, baadaye watu. Mzee wa Laini akapunguza kuja Usa River, mwisho akaacha. Hakuaga. Nilipeleka mchele na mafuta, akapokea, akashukuru, akasema hawezi kutoka.

Nikamwajiri Zainabu, binti wa Tabora mwenye digrii ya kompyuta, mchapakazi, hana maringo. Nikamwambia nataka mfumo wangu niufungue kwenye simu popote nilipo, kwa anwani yenye jina la kampuni yangu, na ile alama ya kufuli ioneshe kwamba ni salama. Mtu aliyefika nilipofika mimi lazima awe na anwani yake. Akafanya, ukapendeza. Wakulima wakaingiza kreti, lebo zikatoka, nikawaonyesha watu kwenye harusi. Chumba cha nyuma hakuna aliyekumbuka kukijaribu, maana hakuna aliyekuwa na haja nacho.

Haja ikaja asubuhi moja ya msimu. Umeme ulikatika na kurudi wakati karani anapokea kreti za Mama Anna, na kumbukumbu moja ikabaki imekwama katikati, haijaingia wala haijatoka. Nyuma yake zote zikapanga foleni. Lebo zikasimama. Ndani kulikuwa na maharage ya wakulima wa kuanzia Usa River hadi huko juu, nje lori limewasha mashine, na ndege ilikuwa ya jioni. Yasipopanda ndege hiyo ni chakula cha ng'ombe, na mnunuzi huyo ana watu wengine wa kununua kwao.

"Niingie chumba cha nyuma tu niifute hiyo iliyokwama, bosi," Zainabu akasema. "Ni kazi ndogo."

Akaandika jina. Akaandika neno la siri. Ukurasa ukafikiri kidogo, kisha ukamrudishia uleule ukurasa wa kuuliza jina. Akaandika tena. Ukamrudishia tena. Haukusema amekosea. Ungesema amekosea ningekasirika kwa adabu. Unakubali, unakaa kimya, unakuuliza upya kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Nilimwondoa Zainabu kwenye kiti nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Ukanirudisha na mimi. Chumba changu, umeme wangu, nimesimama nje.

Nikampigia Mzee wa Laini. Hapatikani. Nikachukua gari nikapanda, nikapita Ngongongare kwa mwendo ambao nisingependa dereva wangu yeyote auone.

Kamba ya katani haikuwepo tena. Mlango ulikuwa na komeo la chuma limewekwa juu kabisa, mahali ambapo mtu mfupi hafiki. Alifungua, akaniingiza, akalirudishia nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mangi. Umekuja na gari kubwa namna hiyo, kuna msiba?"

"Nimekuja kukuchukua. Maharage yanaoza."

"Siwezi kutoka."

"Nusu saa tu. Nakurudisha."

"Juzi nilikwenda kisimani kuchota maji," akasema, "nikamkuta barabarani anakwenda kwao. Kwao walishakufa wote." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anavyosoma maandishi ya kwenye kioo.

Mkewe alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kizuri kichwani, amemshika mumewe mkono wa koti. Mzee alikuwa anamlisha loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, kwa kijiko. Akisogea kidogo upande wa mlango, mama yule anatoa sauti, siyo neno, sauti ya mtu anayeteleza. Anarudi anakaa.

"Imesema nini?" akaniuliza.

"Haisemi kitu. Binti niliyemwajiri anaandika jina na neno la siri, inamrudisha mlangoni."

"Ukiandika neno la siri la uongo?"

"Inasema kwa rangi nyekundu kwamba si sahihi."

Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Basi inakujua. La kweli inalijua na la uongo inalijua. Huyo binti kabadilisha jina la geti?"

"Kaweka anwani yenye jina langu. Na kufuli."

"Bawabu wa kwanza kaambiwa, wa pili hajaambiwa. Wewe unakubaliwa vizuri kabisa, halafu unaambiwa upite ndani kwa njia ya geti la zamani. Ukifika kule hujulikani, unaulizwa upya." Akafungua kifungo. "Mwambie aende kwa bawabu wa pili, boksi la juu. Aongeze mstari wa kupitisha jina la geti, na mstari wa kupitisha habari ya kufuli. Kama alivyompa yule wa kwanza."

Nikatoa simu. Hakuna mtandao. "Pale kwenye ua tu, karibu na mti wa parachichi, ndiko unapatikana," akasema. "Ndiyo maana hunipati."

Basi nikawa mtu wa kukimbia. Yeye hawezi kutoka nje, Zainabu hawezi kuingia ndani, na katikati yao ni mimi, mwenye kampuni, na kitambi changu, nafungua komeo, nalifunga, natoka, narudi.

"Zainabu, bawabu wa pili. Boksi la juu. Mstari wa jina la geti na mstari wa kufuli."

"Boksi la juu, bosi?"

"La juu."

Kuna maboksi mawili madogo mle chumbani, yamefanana kama mayai, kila moja ni akiba ya mwenzake, na linalofanya kazi ni moja tu kwa wakati. Moja liko kwenye rafu ya juu karibu na mlango. Jingine liko chini ya meza, dirishani. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyoijua nyumba yangu.

"Imekubali, bosi. Haijalalamika chochote. Ngoja niingie." Nikangoja. "Imenirudisha."

Nikarudi ndani. "Imemrudisha."

"Amekosea kuandika. Arudie."

Akarudia. Ikamrudisha. Kule nyuma yake nasikia lori linanguruma, na mtu anamnyang'anya simu.

"Mangi! Mimi ni Mama Anna! Nimechuma mgongo umekatika, na wewe uko matembezini Momela?"

"Mama Anna, nashughulikia."

"Unashughulikia twiga wa huko mbugani? Maharage yangu yakiozea kwako nitakuja kulala getini kwako na wajukuu wote, na huyo mbwa wako atalala na sisi!"

Zainabu akarudishiwa simu. Akashusha sauti. "Bosi, huyo mzee ana uhakika? Mimi nimefanya kila alichosema."

Nikaingia ndani nikasema, "Zainabu anauliza kama kuna jingine la kuongeza."

"Huyo binti anajua kusoma?"

Nikatoka nikasema, "Mzee anaomba uangalie tena taratibu."

Akaangalia tena. Ikamrudisha. Nilikuwa nimelowa jasho shati zima, na jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili. Niliporudi safari ile, sikufunga hata komeo, nilisimama katikati ya chumba nikamwambia, "Mzee, tumekwisha. Boksi la juu limeandikwa, limesomwa, limerudiwa. Hakuna kitu."

"Haiwezekani. Bawabu akiambiwa, atakubali. Boksi la juu!" Kijiko kikiwa mkononi, koti sasa limefungwa hadi shingoni, akanyanyua kidevu kuelekea dirishani. "La juu!"

Nikaangalia kilipoelekea kidevu. Dirishani palikuwa na mlima. Meru wote, hadi kileleni.

"Mzee, la juu, la kwenye rafu?"

"Rafu gani?" Akaniangalia kama mtu anayeona mpumbavu. "Nimesema la juu." Na kidevu tena, mlimani.

Mimi ni mtu wa Rombo. Kwetu juu ni Kilimanjaro, basi. Mama yangu akisema anakwenda juu kukata majani, hata kama anateremka korongoni kwanza, anakwenda juu, na kila mtoto anajua atokezee wapi. Mzee ni Mmeru, na kwa Mmeru juu ni Meru. Hawaangalii mbinguni, wanaangalia mlima. Na ile meza, lile dirisha la chumba cha mashine, linatazama Meru. Zainabu ni wa Tabora, nchi imelala kama mkeka. Kwake juu ni rafu.

Nilikimbia hadi kwenye parachichi.

"Zainabu! Siyo la kwenye rafu! Lile la dirishani, upande wa mlima!"

"Lile lililoko chini ya meza?"

"Hilo la chini ndilo la juu!"

"Bosi, uko salama huko?"

"Andika, mama! Andika hukohuko chini!"

Nikasikia anaburuta kiti. Nikasikia vidole vyake. Mama Anna akawa anaongea na Mungu kwa Kimeru, kwa nguvu. Halafu Zainabu akasema, polepole, kama anayeogopa kuliamsha boksi, "Imeniingiza."

"Imekuingiza wapi?"

"Ndani, bosi. Niko chumba cha nyuma. Naiona ile iliyokwama. Naifuta... Foleni inatembea."

Ile mashine ya lebo ikaanza kukwaruza, sauti ambayo siku nyingine inaniudhi. Mama Anna akapiga vigelegele, kisha akasema akiwa bado na simu sikioni kwamba lakini mimi bado ni mtu wa maneno mengi. Nikamwambia Zainabu wapakie bila kupumzika, lori liondoke, anipigie likishafika uwanjani.

Nikaingia ndani kama mshindi. "Mzee, imefunguka!"

"Mwambie kwenye lile la rafuni afute alichoandika. Asiache takataka."

"Lakini mimi ndiye niliyegundua hilo la juu."

"Na wewe ndiye uliyelipeleka vibaya," akasema, na akafungua vifungo vyote vya koti.

Nilikuwa natafuta funguo za gari mfukoni. Nilitaka nilione lori likitoka, nilitaka Mama Anna anione. Yeye akaweka bakuli chini, akautoa mkono wa mkewe kwenye koti kidole kimoja kimoja, akauweka kwenye mkono wangu.

"Kaa naye kidogo."

"Unakwenda wapi?"

"Nje."

Alinawa uso kwenye beseni. Alitafuta viatu chini ya kitanda, siyo makubazi, viatu, akavaa, akafunga kamba, akasimama akajitazama miguu. Akafungua komeo, akatoka. Mke wake hakupiga ile sauti. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe nani?"

"Shikamoo mama. Mimi ni yule mwenye vyumba vya baridi, pale Usa River. Yale malori ya bluu ni yangu."

"Aa. Karibu."

Nikakaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi lakini haukuachia. Simu mfukoni ilikuwa kimya, na nilijua ni kimya kwa sababu mtandao uko kwenye parachichi. Lori lingeweza kuwa limeondoka au limeanguka mtoni, nisingejua.

"Wewe nani?"

"Mfanyabiashara, mama. Nafanya kazi na mzee miaka mingi. Ananiita Mangi."

"Aa. Karibu."

Nilijaribu kusimama. Ile sauti ikatoka, ya kuteleza, na vidole vikakaza mpaka kucha. Nikakaa. Nikaangalia chumba, kalenda ya kanisa, kuta za udongo uliosawazishwa vizuri, waya za umeme zimenyooka kama zimepigwa rula. Jua likasogea kwenye sakafu. Sijui lini mara ya mwisho nilikaa mahali bila mtu kuniuliza niamue kitu.

"Wewe nani?"

"Mgeni wa mzee, mama."

"Aa. Karibu."

Nikanyoosha shingo dirishani nione amefika wapi, kama yuko dukani, kama yuko njiani na watu. Alikuwa hajafika popote. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha baraza, viatu vimefungwa kamba, koti wazi, ameegemea nguzo, amelala. Kichwa kimeanguka kifuani, mdomo wazi kama mtoto. Ningemwita angeamka. Nikairudisha shingo taratibu.

"Wewe nani?" akauliza mkewe, kwa upole uleule, kana kwamba ndiyo kwanza nimepiga hodi.

Majina yaliniishia. Nilisogeza kigoda mpaka magoti yangu yakagusa kitanda.

"Niambie wewe, mama. Mimi nani?"

Akaniangalia kwa muda, uso wote, kuanzia nywele.

"Wewe ni wa kukaa," akasema, akafumba macho, mkono wangu bado ukiwa mkononi mwake.